Maikrofoni Ndani ya Kilindo

Baba yangu anaitwa Mabruki. Jina hilo alipewa Bagamoyo na watu wa pwani, akarudi nalo kwetu Unyanyembe kama mtu anavyorudi na shuka mpya, na mpaka leo hajalivua. Ukiacha stakabadhi za kodi, ambazo mchwa walizila zote, hakuna karatasi yenye jina lake. Kubatizwa alikataa. Kazi ya reli alikataa, akasema hawezi kumtumikia mwizi aliyemnyang'anya kazi yake. Ndiyo maana naandika mimi, Apolinaria binti yake, kwa herufi nilizozipata kwa masista, miaka miwili niliyokaa kwao kabla sijatoka kwa ubishi wangu. Zikipinda, zimepinda. Msomaji azinyooshe mwenyewe.

Baba alikuwa kirangozi. Kirangozi ndiye aliyetangulia mbele ya msafara, manyoya kichwani, bendera begani, na nyuma yake wapagazi mia mbili, mia tatu, kila mmoja na mzigo wake. Yeye ndiye aliyejua maji yako wapi na kambi ipigwe wapi. Mara kumi na moja alikwenda pwani na kurudi, kwa miguu hiyo hiyo anayoipaka mafuta ya nyonyo siku hizi. Juzi karani mmoja wa stesheni alisema mbele yangu kwamba wapagazi walikuwa punda wa watu. Nilimwuliza, punda gani anayejua njia ya miezi mitatu kwa kichwa? Akajifanya anatafuta kalamu.

Sasa sikilizeni. Msafara ukirudi nyumbani hauingii tu kama mbuzi wanavyoingia zizini. Unasimama nje ya mji. Kirangozi anaimba wimbo wa kuingia, na ndani ya wimbo anawaita kwa majina wale walioondoka pamoja na hawakurudi, waliokufa kwa ndui, kwa kiu, kwa simba wa pori la Mgunda Mkali. Kila jina likitajwa wapagazi wanaitikia, "Yuko njiani!" Mpaka majina yaishe hakuna anayetua mzigo. Baba ana watu arobaini na wawili katika wimbo wake. Virangozi wenzake wote wamekwisha, na kifua chake mwenyewe sasa kinalia kama mlango wa zamani. Akiondoka naye, wale arobaini na wawili watakuwa wamekufa mara ya pili. Jambo hilo lilikuwa linaninyima raha miaka na miaka.

Basi mwaka wa hamsini na tano, mvua zikiwa zimepamba moto, watu wawili wa redio wakashuka kwenye treni ya Dar es Salaam na masanduku yao, wanatafuta nyimbo za zamani. Mmoja akaenda Urambo na mashine ndogo. Aliyebaki mjini alikuwa Bwana Justus, mtu wa Bukoba, mrefu, mpole, mwenye vidole vya mshona kofia.

Bwana Justus alizunguka Tabora nzima akitafuta chumba. Kila ukumbi una bati, na mvua ikipiga bati hapa kwetu hata padri hunyamaza katikati ya mahubiri. Mwishowe akafika kwa Bi Zeyana, mjane wa Kiarabu mwenye duka la vitambaa. Nyuma ya duka lile kuna tembe la babu zake, kuta nene za udongo, na juu udongo mtupu. Mvua inyeshe itakavyo, ndani husikii kitu. Na chumba chenyewe kimejaa marobota ya kaniki na marekani mpaka darini. Justus akaingia, akapiga kofi moja, akasikiliza. Uso ukamng'aa kama aliyeokota lulu.

"Hapa," akasema. "Hapa hapa!"

Mimi nilikuwapo kwa sababu Bi Zeyana hununua mchele wangu. Nikatua kikapu, nikaingia kutazama. Nani angenizuia?

Justus akafungua sanduku dogo lenye kitambaa laini ndani, kama la kuwekea kalisi ya misa. Akakitoa chombo, ndiyo maikrofoni yenyewe, kinene kama bomba la taa ya chemli, kichwa chake wavu wa chuma uliosukwa vizuri kuliko chekecheo lolote. Nikaona vumbi kidogo juu yake. Mwanamke mwenye heshima haachi vumbi. Nikainama, nikavuta pumzi ili nilipulize.

"Mama! Usipulize!"

Justus alipiga ukelele mpaka Bi Zeyana akadondosha kikombe cha kahawa kule mbele.

"Vumbi hilo," nikasema.

"Afadhali vumbi kuliko pumzi, mama yangu. Ndani mna kiwambo, kama cha ngoma, lakini chembamba kuliko ile ngozi ya ndani ya kitunguu. Sauti inakitikisa, umeme unaisoma ile mitikisiko. Pumzi ina maji. Maji yakiingia, umeme unavuja mahali pasipostahili, na chombo kinakuwa kiziwi. Au kinakuwa kichaa."

Nilipenda kile chombo saa ile ile. Nimeolewa, nimezaa sita, nimezika wawili, lakini sikumbuki kitu kilichonipiga moyo namna ile nikiwa na umri wangu wa karibu sitini. Kitu kinachosikia! Na kinaharibika kwa sababu kinasikia mno!

Siku tatu nilishinda pale. Nilijifunza. Chombo hakigongwigongwi kukijaribu kama kinasikia. Hakishikwi kwa waya wake. Kinalala ndani ya kitanda cha mipira juu ya mguu wa chuma ili nyayo za watu zisikifikie. Kina sanduku lake la umeme, na ukiwasha unangoja kipate joto kabla hujakisemesha. Ukimaliza unazima kwanza, unangoja, ndipo unachomoa. Kikiwa na umeme huvuta vumbi, basi kisipotumika kinafunikwa. Anayesema anakaa shibiri mbili kutoka kwake, kando kidogo, asikipigie pumzi usoni. Mbele ya wavu Justus alining'iniza kipande cha hariri ya Bi Zeyana, cha kuzuia mate ya waimbaji. Na sandukuni mlikuwa na kifuko cha chembechembe za buluu, zinazokunywa unyevu.

"Zikigeuka waridi," akasema, "zimeshiba."

Nikafungua kifuko nikachungulia. "Bwana Justus, hizi zina rangi ya ufizi."

Akaguna. "Mvua zenu hizi!"

Siku ya pili akanipa kazi ya kukifunika na kukifunua. Mwenyewe alisema mikono yangu haina haraka. Nilirudi nyumbani Itetemia natembea kama niliyevikwa taji, na njia nzima nawaza jambo moja. Baba aje aimbe.

Kumshawishi Baba ni kazi ya kung'oa kisiki. Nilimkuta anakaanga kumbikumbi, nikamsalimu kikwetu.

"Mwangaluka, Baba."

"Mwangaluka, mayu." Ndivyo anavyoniita, mama. "Unanuka duka."

Nikamweleza. Akatafuna, akatafuna.

"Niimbie chuma?"

"Si chuma tu, Baba. Ni ngoma. Ndogo, lakini ina kiwambo ndani. Tofauti yake haipigwi, inasikiliza. Na ikisikia haisahau."

Hapo ndipo nilipokosea, ila nilikuwa sijui. Nilitafuta neno la kumvuta, nikalipata, likamvuta. Aliacha kutafuna.

"Ngoma inayosikiliza," akasema polepole. "Na majina itayasikia?"

"Yote arobaini na mawili."

"Nitakuja kesho kutwa. Nioshee shuka."

Alhamisi asubuhi akafika, fimbo mkono mmoja, kibuyu kidogo mkono wa pili. Nilidhani kibuyu ni cha maji ya kunywa. Bi Zeyana alikuwa amekaa juu ya robota karibu na mlango.

"Karibu, Mzee Mabruki. Nilipokuwa mtoto mkiimba huko nje, mama yangu alikuwa akituambia tufiche kuku."

"Kuku wenu walikuwa wamekonda, Zeyana. Tulikuwa tukiwaonea huruma."

"Shikamoo, mzee," akasema Justus, anavaa visikilizio vyake masikioni.

"Marahaba. Ngoma iko wapi?"

Justus akamwonyesha, akamweka mahali pake, akawasha. Tukangoja ipate joto. Nikaondoa kitambaa cha kufunikia. Mshale wa mashine ya utepe, ile inayonasa sauti, ukatikisika kidogo kwa pumzi za Baba tu.

Baba akafungua kibuyu, akanywa, akajaza mashavu. Nikaona mdomoni mwake kuna kitu cheupe. Maji ya unga wa mtama! Mungu wangu, ngoma yetu yoyote kabla ya kuwaita wafu hupulizwa maji ya unga ibarikiwe, hata mtoto anajua, nami ndiye niliyemwambia ni ngoma!

"Baba, us—"

Pfuuu! Usoni pa maikrofoni.

Justus alirusha visikilizio kama vimemng'ata. Kutoka humo tukasikia kama nyama inakaangwa, taratataa, halafu kishindo, halafu tena nyama. Mshale ukalala kulia kabisa. Akaruka, akazima umeme, akaondoa ile hariri. Unga wote ulikuwa umenasa kwenye hariri, hapo tulishukuru. Lakini maji yalikuwa yamepita.

"Imenijibu," akasema Baba, ameridhika.

Justus aliketi juu ya robota la marekani, kichwa mikononi. Maikrofoni ngumu, ile isiyojali unyevu, ilikuwa Urambo na mwenzake. Jumamosi adhuhuri treni inaondoka naye. Na chombo hiki kikifika Dar es Salaam kimekufa, alisema, yeye atarudishwa Bukoba akalime ndizi.

"Tukikiweka juani?" Bi Zeyana akauliza.

"Jua gani?" Nje mvua ilikuwa inamwagika.

"Jikoni basi."

"Moshi una mafuta, bibi. Na joto kali litakikunja kiwambo. Kinataka mahali pakavu, pafungwe, kikauke polepole chenyewe. Kingekuwa na zile chembechembe..." Akatazama kifuko cha rangi ya ufizi, akakitupa chini.

Mimi nikakiokota.

"Kitu kilichoshiba unyevu kinakaangwa," nikasema.

"Mama, hizo si karanga."

"Nani kasema karanga? Zimekunywa maji au hazikunywa? Maji yanatoka kwa moto au hayatoki? Chembechembe zikaangwe, chombo kisikaangwe. Bi Zeyana, niazime chungu kipya na mkaa."

Akabisha. Nikabisha zaidi. Baba akasema, "Usipoteze nguvu, bwana, huyu nimemzaa mimi." Basi nikawasha mkaa, nikangoja moshi uishe wote, nikamimina zile chembe nikazigeuza taratibu kwa mwiko. Mwanzo hakuna kitu. Waridi, waridi tu. Justus alikuwa amesimama nyuma yangu hapumui. Halafu pembeni mwa chungu ikatokea moja, nyeusinyeusi, halafu ikawa buluu! Ya pili! Kumi! Nikapiga vigelegele mwenyewe, peke yangu, mbele ya mkaa. Justus alinishika mabega akaniita profesa. Sijui ni cheo gani lakini nilikipokea.

Lakini kifuko kimoja hakitoshi kwa mvua ya Tabora, na sanduku lake lilikuwa na ufa kwenye bawaba. Hapo nikaagiza kilindo changu kutoka nyumbani. Kilindo ni pipa la gome la mti, lina mfuniko wake wa gome. Ndimo tunamoweka mbegu za mtama msimu mzima wa mvua, na hazioti wala hazinuki. Nikakaanga vibaba viwili vya mchele wangu bila maji wala mafuta, nikaupoza kabisa, nikaushona ndani ya mfuko wa marekani ili vumbi lake lisitoke. Mchele chini, kifuko cha buluu juu yake, halafu vijiti vilivyopishana, ndipo maikrofoni ikalazwa juu ya vijiti ndani ya kitambaa chake, haigusi kitu. Nikafunika, nikaziba ukingo mzima kwa nta ya nyuki. Saa tisa mchana, Alhamisi.

"Mpaka Jumamosi asubuhi," nikasema.

Ijumaa nilileta kigoda nikakaa mbele ya kilindo. Nilifanya vizuri, maana Justus hakutulia.

"Mama, nifungue kidogo tu nichungulie."

"Hapana."

Akazunguka. Akarudi. "Dakika moja."

"Mkeo akipika wali unafunuafunua sufuria? Kaa."

"Sina mke, mama."

"Ndiyo sababu."

Bi Zeyana alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini mimi nilikuwa nimegombana na pande mbili. Baba naye alikuwa ametuma neno kwamba atakuja Jumamosi na kibuyu chake kama kawaida. Wafu hawaitwi kwa mdomo mkavu, alisema. Bila maji ya unga haimbi, na si mimi niliyemzaa yeye hata nimwamrishe.

Jumamosi saa mbili asubuhi nikakata nta kwa kisu. Hewa iliyotoka humo ilikuwa kavu, ina harufu ya mchele na nta. Chembe zilikuwa zimeanza kupauka tena. Zimekunywa! Justus akakibeba chombo kama mtoto wa siku moja, akakilaza kwenye mipira yake, akawasha. Tukangoja. Akavaa visikilizio.

Akafumba macho.

"Kimya," akasema. "Mama, ni kimya kitupu. Nasikia saa ya Bi Zeyana kule dukani!"

Sikuweza kushangilia, maana mlangoni Baba alikuwa amesimama, mashavu yamejaa tayari.

Nilimrukia. Nilisimama mlangoni, mikono nimeweka huku na huku. Sisi wawili tukatazamana, yeye hawezi kusema kwa maji, mimi sikutaka kumpisha. Nani kati yetu angelegea? Tungekaa hivyo mpaka treni ije na irudi.

Halafu nikakumbuka kitu nilichokiona nikiwa mtoto. Kwenye ngoma za zamani, ngoma ikiwa mbali au imeshafungwa, mzee hupuliza mikono ya mpigaji.

"Baba," nikasema. "Ngoma hii mpigaji wake ni mimi. Mimi ndiye ninayeifunika na kuifunua. Nipulize mimi."

Nikanyoosha mikono. Akanisogelea. Pfuuu! Mikono, uso, kilemba, kifua, vyote. Hakubakiza tone. Unga ukanitiririka shingoni mpaka ndani ya nguo. Mimi Mkatoliki niliyekomunika Jumapili iliyopita, nikasimama pale mweupe kama ukuta uliopakwa chokaa, na nilikuwa na furaha sijapata kuona. Bi Zeyana akanitupia kanga nzima mpya kutoka robotani nijifute. Nikajifuta kila kidole, nikavikausha mkaani, ndipo nikaingia, nikaondoa kitambaa.

Baba akasimama shibiri mbili kamili. Akaweka fimbo begani kama bendera.

*Fungueni mji, miguu imerudi,*
*mizigo imerudi, njia imerudi!*

Sauti ile sijui ilitoka wapi. Kifua hakikulia hata mara moja. Akamwita wa kwanza, Kasubi, aliyekufa kwa kiu. Kumbe hapana mpagazi wa kuitikia! Mshale umetulia, utepe unakwenda, Baba anangoja.

"Yuko njiani!" nikaitikia mimi.

Akamwita wa pili. Safari hii tukaitikia wawili, Bi Zeyana naye, kwa sauti ya mtoto aliyewahi kusikiliza nyuma ya ukuta na kuku wake mkononi. Kufikia wa kumi, Justus naye alikuwa akiitikia, visikilizio masikioni, machozi mashavuni. Arobaini na wawili. Hakuruka hata mmoja. Alipomaliza alitua fimbo chini, maana ndipo mizigo hutuliwa, na Justus akataja kwenye chombo kwa sauti ya kiredio: "Ameimba Mabruki, kirangozi, wa Itetemia, Tabora."

Jina lake! Ndani ya utepe!

Nikafunika chombo kwanza. Furaha haizuii kazi. Justus akazima, akangoja, akachomoa, ndipo akaurudisha utepe atusikilizishe. Sauti ya Baba ikajaa tembe. *Fungueni mji.* Baba akageuka mlangoni.

"Nani huyo anaingiza msafara na mimi niko hapa?"

"Ni wewe, Baba."

Akasikiliza. Lilipofika jina la Kasubi alisimama wima, na kabla sisi wa kwenye utepe hatujaitikia, akaitikia yeye, kwa nguvu zote, "Yuko njiani!" Arobaini na wawili wote aliwaitikia tena. Kisha akasema, "Rudisha." Justus akarudisha. "Rudisha." Treni ikapiga filimbi stesheni tukiwa kwa Kasubi mara ya tatu, na ikabidi Bi Zeyana atoe gari la duka kumkimbiza mtu wa watu.

Maikrofoni iliondoka ndani ya kilindo changu. Nilikataa irudi katika sanduku lile lenye ufa. Nilimwambia Justus mchele aukaange upya kila Jumapili, naye ameniandikia kwamba anaukaanga, na wenzake wa Dar es Salaam wanamcheka mpaka mvua inaponyesha.

Baba bado yu hai. Kila mgeni akifika anamsimulia jinsi ngoma ya wazungu ilivyokuwa na kichaa mpaka alipoipuliza maji ya unga, na kwamba ilihitaji mara mbili. Mimi nasema ni mchele. Hajakubali, nami sijakubali. Jana alinituma mjini nimwulize Bi Zeyana kama redio yake, siku wimbo ukipigwa, inaweza kurudisha.